Miche Isiyojua Jua

…na shina lenyewe laini mno, linapinda kwenye kidole kama omena mbichi, dagaa wa ziwani, alikuwa akiwaza Nelima, huku Mama Dorca, mwenyekiti wa kikundi, akiomba kwa sauti ya kufika Dunga kule ziwani, Baba wa mbinguni, sisi mama wa Nyamasaria tunakuja mbele yako na hii miche yetu, na wanawake kumi na wanane wamefumba macho, makarai yako miguuni tayari kwa kugawiwa, yeye peke yake hakufumba, mkono umeshika ukingo wa mkeka wa mafunjo uliofunika kitalu alichowatunzia, anaitazama miche ya nyanya, mirefu, ya kijani kilichopauka, mizuri, ee, mizuri, hata jirani yake Benta alipofika alimpigia makofi, “Mama Joram, hii miche umenyonyesha ama? Hata mtoto yangu hana shavu kama hii,” wakacheka wote, naye akacheka, angefanya nini… na usituache kwa hii kiangazi, Baba… jana ilinyesha, mvua moja tu, huenda ndiyo ya mwisho mwaka huu wa themanini na nne, huko Pap Onditi wanasema ng'ombe wameanza kulala chini wasiinuke, ndiyo maana wanataka kupanda leo hii, saa sita hii ya jua, udongo ungali na unyevu, na Masinde, bwana shamba, alimwambia, mara mbili alimwambia, “Mama, usiionee huruma, funua leo lisaa moja, kesho mbili, hiyo jua ndio inaifundisha kuvumilia joto, miche ya kivuli ukipeleka shamba mchana, saa tisa haifiki,” naye akajibu ndiyo bwana, ndiyo, wala hakufunua, kwa sababu ya miche ile ya kwanza, ile ambayo hakuna aijuaye, Februari, alipoondoa mikeka yote kwa mkupuo mmoja akaenda sokoni, aliporudi kitalu kizima kimelala, majani meupe kama karatasi, akaifukia kabla Benta hajapita na mtungi, akasia mbegu zilizobaki, za mwisho, akafunika, akafunika tena juu yake, siku thelathini, na kila mwale uliopenya aliusikia kwenye ngozi yake mwenyewe… na umbariki Mama Joram, huyu mtu wa Bungoma ambaye ametuchungia kitalu kama mtu wa hapa… basi, Dorca, usiombe hilo, omba mengine… kule pembeni mikeka imetoboka, tundu la kadiri ya sahani, na chini yake miche kumi na miwili, mifupi, minene, majani magumu yenye zambarau kwa chini, ameionea haya, asubuhi nusura aing'oe isimwaibishe, na sasa jua la utosini linaipiga nayo imesimama tu kama haijaambiwa kitu, hiyo ndiyo itakayoishi, hiyo peke yake, ampe Rosa, Rosa mjane aliyekwisha kuchimba mashimo yake tangu alfajiri, lakini Rosa atasema mbona mimi unanipa iliyodumaa, umeniona masikini, halafu wale wengine kumi na saba je… angeweza kunyamaza, aitikie amina, agawe, na kesho alie pamoja nao, jua hili, jua hili limetumaliza, nani atauliza, jua halina wa kulitetea, na alipofika hapo akahisi machozi ya kesho yamekwisha kuja, yako tayari nyuma ya macho, mazuri, ya kweli kabisa, na hayo ndiyo yaliyomtia baridi mgongoni katika joto lile, kwamba mtu anaweza kuandaa kilio mapema namna hii na bado kikawa cha kweli… na akisema? siku kumi za kufunua kidogo kidogo, udongo utakuwa umekauka, itabidi kubeba maji mtoni kichwani, shimo kwa shimo, na watasema, watasema nini, watasema mtu wa Bungoma, na wengine watakosea na wengine hawatakosea… Rosa amesogeza karai kwa mguu, macho bado amefumba, likakwaruza kokoto, na Nelima akajua ataanzia wapi, si kwa samahani, ataanzia Februari, lile neno limekaa mdomoni kama jiwe, akingoja tu amina, na Mama Dorca akavuta pumzi… na kwa wagonjwa wetu, Baba, na kwa wale walio safarini…