Mguu wa Kulia Uko Mkoa Mwingine

Usiku wa jana niliota mpaka wa mkoa umehamia katikati ya Bwawa Namba Mbili. Umewekewa nguzo ya zege iliyopakwa rangi nyeupe, na kwenye nguzo kumebandikwa karatasi: "Mshahara hufuata mkoa."

Sikushangaa. Mimi ni opereta wa mabwawa ya majitaka, mwaka wa tisa sasa, na katika kazi hii nimeona mengi yakielea. Tena karatasi ilisema kweli. Mkoa jirani kuna opereta mwenye reki kama yangu, anaopoa mapovu na mifuko kama ninavyoopoa mimi, na analipwa mara mbili. Kwa hiyo nimeomba uhamisho. Fomu niliituma wiki mbili zilizopita, na mke wangu Tusekile sijamwambia, kwa sababu najua atakachosema na najua atakuwa sahihi.

Basi, ndotoni nafanya kazi yangu. Napima kina cha tope: nazamisha mti mrefu uliofungwa taulo jeupe, nasubiri, nautoa, nasoma doa limeishia wapi. Upande wa kwetu doa linafika shubiri moja.

"Laki nne," taulo linasema.

"Nimekutuma upime tope, siyo mshahara."

"Ofisini wanavipima pamoja. Jaribu upande wa pili."

Nazamisha upande wa pili wa nguzo. Tope ni lilelile, harufu ni ileile. Hata kandambili zilizokuwa zinaelea ni pea moja, kila mkoa na mguu wake. Lakini doa linapanda mpaka kwenye vidole vyangu.

"Laki nane," taulo linasema, safari hii kwa adabu.

Hapo naona kuwa nimesimama juu ya maji, mguu wa kushoto kwetu, wa kulia kwa jirani. Anakuja Afisa Utumishi. Ni korongo, yule mwenye upara anayeshinda ukingoni mwa mabwawa akisubiri kitu kife. Amevaa koti, kwapani ana faili.

"Shikamoo, Afisa."

"Marahaba. Mguu wa kulia utalipwa viwango vya huko, wa kushoto viwango vya hapa. Utaratibu haumwonei mtu."

"Kwani mguu wa kulia unafanya kazi gani ya ziada?"

"Uko mkoa mwingine."

"Na kichwa je?"

Anapekua faili kwa mdomo. "Kichwa hakimo kwenye muundo wa maopereta."

Tangu dakika hiyo mguu wa kulia ukagoma kuongozana na wa kushoto. Ulisema unaogopa kukopwa.

Nageuka, niko kwenye ukumbi wa hoteli. Watu mia wamekaa kwenye viti vilivyovishwa vitambaa, wanajadili tope. Wamekuja siku tatu na kila mmoja ana begi jipya na chupa ya maji. Posho yao ya siku moja ni mshahara wangu wa mwezi, na hakuna hata mmoja mwenye doa kwenye ukosi. Mimi nimeombwa nikae karibu na mlango, dirisha likiwa wazi.

Nanyoosha mkono. "Samahani, mwenyekiti. Tope la mkoa huu na la mkoa ule lina tofauti gani?"

"Swali zuri sana," mwenyekiti anasema. Wote wanapiga makofi na kwenda kula. Nilikasirika mpaka meno yakaniuma. Mtu anayelitamka tope kwenye kipaza sauti analipwa kuliko anayelishika, na bado anaziba pua.

Korongo ananifuata na kalamu. "Weka sahihi uvuke mwili mzima, kichwa tutakiombea kibali."

Naweka sahihi. Tumerudi bwawani, naruka nguzo, mguu wa kushoto unafuata ukilalamika. Natua upande wa jirani, na kwa muda wa kama dakika moja mimi ni tajiri. Nilifurahi, siwezi kusema uongo.

Kisha naziona nyanya. Zinavuka bwawa kutoka kwetu, zimepanga foleni, zinaogelea bila haraka.

"Mnakwenda wapi?" nauliza.

"Tumesikia umepandishwa," inasema ya mbele. "Na sisi tumepanda."

Nyuma yao anakuja mwenye nyumba wangu, amekalia mlango kama mtumbwi, anapiga kasia kwa risiti ya kodi. Unafuatia mkaa, gunia baada ya gunia. Kila anayefika ananisalimia kwa jina na kuchukua chake. Wakimaliza, mkononi nabaki na laki nne zangu za zamani, zimelowa.

Ng'ambo amesimama Tusekile. Amevaa buti zangu, ameshika reki yangu, anaopoa mapovu ya mkoa mzima peke yake.

"Yule analipwa shilingi ngapi?" namwuliza korongo.

Anatazama jedwali mara mbili. "Yule hayumo kabisa."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona nikiwa macho. Nikamwita, "Mama Atupele!" Hakusikia. Nikaita tena, kwa nguvu zote, nikaamka.

Kumekucha. Tusekile amesimama mlangoni mwa chumba na mfuko wa genge mkononi, unadondosha maji sakafuni, na mvua haijanyesha tangu Jumapili.

"Baba Atupele, fungu la nyanya jana lilikuwa mia tano, leo elfu moja," anasema. "Nimemwuliza Mama Bupe pale gengeni kulikoni. Anasema ni sisi tu tuliopandishiwa, wengine bei ni ileile."

Anaweka mfuko chini. Anakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Sasa niambie, baba. Umepandishwa wapi ambako mimi sikujui?"