Sauti ya Kuazima

Mwalimu wa uchumi aliyeitwa Mizani hakulichukia jina lake la utani. Wanafunzi walimbandika kwa sababu kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo, kabla hata hajasalimu vizuri, alichukua chaki akaandika ubaoni kwa herufi za kusomeka mpaka benchi la mwisho: KILA MTU HUPIMA FAIDA YAKE KABLA YA KUTENDA. Kisha alijipangusa mikono, akawageukia, akawaambia kwamba uchumi wote umesimama juu ya sentensi hiyo, na asiyeikubali aende akasomee ushairi.

Mtu mmoja tu hakuikubali na wala hakwenda kusomea ushairi. Huyo alikuwa mwalimu wa falsafa, jirani yake wa ofisi, bwana mrefu, mwembamba, mbishi wa kuzaliwa, ambaye watu walimwita Kwanini hata mbele ya macho yake. Ugomvi wao ulikuwa wa neno moja. Kwanini alitaka lile "kila mtu" lifutwe, iandikwe "mara nyingi mtu". Mizani alishikilia kwamba ukiweka "mara nyingi", jengo lote linaporomoka. Walibishana kwenye korido, walibishana kwenye foleni ya chai, na kwenye harusi ya binti wa mkuu wa idara walibishana mpaka bibi harusi mwenyewe akawakata jicho. Wakubwa wazima, tena wenye mvi!

Halafu Mizani akaota uvimbe shingoni. Ukatolewa salama, kidonda kikapona, lakini sauti haikuamka pamoja na mwenyewe. Kila alipofungua kinywa ulitoka upepo, kama tairi la baiskeli lililochomwa na mwiba. Daktari alisema sauti inaweza kurudi na inaweza isirudi, wasubiri. Sasa mwalimu asiye na sauti asubiri nini?

Mkuu wa idara alikuja kumjulia hali na mfuko wa machungwa na habari mbaya. Chuo kilikuwa karibu kufunguliwa. Kama hapatakuwa na wa kufundisha somo la misingi ya uchumi, litaondolewa kwenye ratiba, saa zake wapewe watu wa falsafa, na Mizani apumzishwe. Mkuu alilitamka neno hilo kwa upole sana. Mizani aliwajua wenzake kadhaa waliopumzishwa, na hakumkumbuka hata mmoja aliyerudi kazini. Tena alijua kwamba saa hizo Kwanini alikuwa amezililia miaka nenda miaka rudi.

Kwa hiyo Kwanini alipobisha hodi kesho yake, Mizani alijisemea moyoni kwamba mrithi amekuja kuangalia mali. Kwanini hakuangalia chochote. Alijitupa kwenye kochi akasema, "Nitakufundishia mimi. Wewe utaniandikia, mimi nitasema. Na nitasema unavyosema wewe, siyo ninavyosema mimi."

Mizani alichukua ubao mdogo aliokuwa akiutumia kuongea na watu, akaandika: UNATAKA NINI?

"Chai," alisema Kwanini. "Kama ipo."

Basi hapo ndipo Mizani alipopata kazi. Mtu aliyefundisha maisha yake yote kwamba hakuna anayenyanyua mkono bure, leo amenyanyuliwa mkono, na haoni malipo yako wapi. Kwanza aliamini kwamba jamaa anataka kumfanyia kichekesho, asimame mbele ya watoto wa watu ayasome maneno yake kwa kuyabeza. Lakini Kwanini alikuja kila jioni kujifunza somo kama mwanafunzi anayeogopa mtihani. "Wakiniuliza hivi, wewe ungejibuje?" Mizani aliandika, akafuta, akaandika tena mpaka vidole vikamuuma. Na Kwanini alipoona tundu kwenye hoja, yeye ambaye zamani angelicheka mpaka korido nzima isikie, alivuta kiti karibu. "Hapa unavuja, bwana. Ukijibu namna hii, hata mimi sikuwezi." Akamwonyesha namna ya kuliziba.

Hilo lilimtia Mizani kiwewe kuliko kisu cha daktari. Adui gani huyu anayekusaidia kujenga ukuta wa kumzuia yeye mwenyewe?

"Labda anatafuta sifa," alimwandikia mkewe.

Mkewe alikuwa akimpozea uji. Aliusoma ubao, akamtazama. "Na mimi nakulisha hapa nikitafuta nini, baba watoto? Uji wenyewe unanitemea."

Mizani aliandika: RAHA YA KUNISAIDIA.

Mama yule alicheka mpaka akaweka bakuli chini. "Raha! Haya, fungua kinywa, nizidi kustarehe."

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, kwa maana habari za paka kumsemea panya zilikwisha kuenea chuo kizima. Mkuu wa idara alikaa nyuma kabisa, mikono kifuani. Alikuwa ameshasema kwamba ataliangalia somo hili la kwanza, na likienda mrama ratiba inabadilishwa siku hiyohiyo. Mizani alikaa benchi la mbele, shingo imezungushiwa skafu.

Kwanini aliichukua chaki. Aliandika: KILA MTU HUPIMA FAIDA YAKE KABLA YA KUTENDA. Hakupunguza neno wala hakukunja uso. Kisha akaanza, na Mizani akayasikia mawazo yake mwenyewe yakitoka kwenye kinywa cha mtu aliyeyapinga tangu wakiwa na nywele nyeusi, nayo yalikuwa yamenyooka kuliko alivyowahi kuyanyoosha yeye. Hata vile vichekesho vyake vya kila mwaka vilisemwa mahali pake. Watoto walicheka. Mkuu wa idara alishusha mikono.

Ndipo binti mmoja wa benchi la katikati akasimama. "Samahani, mwalimu. Tumesikia saa za somo hili zingekuwa zako. Sasa wewe kumsemea mwenzako unapata faida gani?"

Ukumbi ukalipuka. Kwanini alisubiri watulie. Mizani aliufumba mkono wake kwa nguvu. Lile lilikuwa swali ambalo Kwanini mwenyewe amelipigania miaka yote, limeletwa kwenye sahani, mbele ya umati. Neno moja tu lingetosha kumaliza ugomvi.

"Mwalimu wenu angejibu hivi," alisema Kwanini. "Faida si pesa wala saa za ratiba peke yake. Anayetoa hupata utulivu wa moyo, au jina jema, au tumaini kwamba naye atasaidiwa. Amepima, ingawa hakujua kama anapima. Hilo ndilo jibu lake, nalo ni jibu zito, msilidharau."

"Lakini wewe mwenyewe unasemaje?" binti hakukubali.

"Mimi?" Kwanini alitabasamu. "Mimi leo sipo hapa."

Mizani aliona ubao unaingia ukungu, akatambua kwamba ni machozi. Hakuyaonea haya. Shukrani ilimjaa kifuani mpaka pakambana. Aliinuka, akapanda jukwaani, akaichukua chaki mkononi mwa Kwanini. Akafuta KILA. Mahali pake akaandika, kwa herufi kubwa zilezile, MARA NYINGI.

Kwanini aliinama sikioni kwake, amekasirika kweli. "Rudisha! Nimekutetea mpaka nimetoka jasho. Sitaki ushindi wa kuhurumiwa, nasubiri upone nikunyang'anye mwenyewe."

Mizani alitikisa kichwa. Chini ya sentensi aliandika: SI HURUMA. NI USHAHIDI. NIMEUONA.

Binti wa benchi la katikati alianza kupiga makofi, na wengine wakamfuata. Kule nyuma mkuu wa idara aliikunja ratiba akaitia mfukoni. Mizani alimgeukia mwenzake, akafungua kinywa, akasukuma kwa nguvu zake zote. Ulitoka upepo, lakini midomo ilisomeka.

"Amesema nini?" sauti ziliuliza kutoka madirishani. "Mwalimu, hatusikii! Amesema nini?"

Kwanini aliwatazama, akamtazama Mizani, akajikuna kichwa. Alikuwa ameahidi kusema kila atakachosema mwenye somo, bila kupunguza. Akajinyoosha, akasafisha koo.

"Mwalimu wenu anasema," alianza kwa ile sauti yake iliyokuwa imejaza ukumbi asubuhi nzima. "Mwalimu wenu anasema ahs—"

Ikakatika. Alijaribu tena, nayo haikutoka, akabaki amesimama kando ya Mizani, na sasa wote wawili hawana sauti.