Bata Waliofuliwa kwa Magadi

"Shika mabawa, Kweyu, asinirushie povu machoni," Nakhumicha alisema, akamtumbukiza bata wa tatu kwenye beseni.

Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza nyuma ya kiwanda cha suruali za jinzi, kule Dandora. Katika miaka yake yote ya kibarua hapo, Nakhumicha alikuwa ameosha vitambaa, mapipa, sakafu na hata gari la tajiri, lakini bata hakuwahi. Na bata wenyewe walikuwa wake. Kiasili walikuwa weupe kama bata wa watu wengine, ila kwa kushinda wakiogelea katika mtaro unaotoka kiwandani, walikuwa wamegeuka buluu. Majirani walishazoea. Wiki ambayo kiwanda kilitia rangi nyeusi, bata nao walikuwa kijivu, na hakuna aliyewatazama mara mbili.

Leo ndipo bata hao walikuwa na shughuli. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wamemtuma mkaguzi athibitishe kwamba maji ya kiwanda husafishwa kabla ya kuachiliwa. Bila cheti chake, hakuna oda. Mtambo wa kusafishia ulikuwepo, tena mzuri, mabwawa matatu ya saruji na pampu ya kupuliza hewa. Ubaya wa pampu ni kula stima, kwa hiyo iliwashwa wageni wakija tu, na siku nyingine zote maji yalipita bomba la pembeni yakaenda zake mtaroni, na kutoka mtaroni hadi mtoni. Gachanja, msimamizi, alikuwa mtu mwenye akili nyingi kuliko aibu. Alizima mashine za rangi tangu jana, akajaza bwawa la mwisho maji safi ya mfereji, kisha akapata wazo lililomfanya atembee akicheka peke yake.

"Mkaguzi akiona bata wanaogelea hapo, atauliza nini tena?" alimwambia Nakhumicha. "Leta wako, Mama Nabiswa. Lakini waoshe wawe weupe. Mambo ikienda fiti, Jumatatu nakuandika paminenti."

Kazi ya kudumu ndiyo Nakhumicha aliyoiota miaka yote. Kibarua husimama langoni kila asubuhi akingoja kuonyeshwa kidole, na akiugua siku moja, nafasi yake ina mtu. Mumewe alikuwa ameachishwa kazi ya reli mwaka uliopita, na nyumba nzima sasa ilikuwa ikimtazama yeye. Kwa paminenti angeosha hata mbuni.

Tatizo lilikuwa kwamba sabuni ya kipande haikufua dafu. Kweyu, mwenzake wa chumba cha rangi, alijikuna kichwa.

"Si tuwafue tu kama kitambaa?"

Basi wakawafua kama kitambaa, kwa sabuni ya unga na magadi katika maji ya vuguvugu, vile wafuavyo jora jipya kabla ya kulitia rangi ili mafuta yote yatoke. Bata wakatakata, wanne weupe pe pe pe, na Nakhumicha akajisikia fahari kama mama wa bibi harusi.

Mkaguzi alifika kabla ya saa ya chai. Aliitwa Batulo, msichana mpole mwenye mtandio na buti za mpira, na sanduku la chupa za kuchukulia maji. Gachanja alimtembeza akimwita madam kila baada ya neno la pili. Pampu ilikuwa ikinguruma vizuri sana.

"Na hapa hata ndege wanapapenda, madam," alisema walipofika bwawa la mwisho, akamkonyeza Nakhumicha.

Nakhumicha akawaachia. Bata waliingia kwa mbwembwe, wakapiga mbizi, wakajitikisa. Kisha yule wa mbele akaanza kuzama, mkia kwanza. Wa pili akamfuata. Manyoya yalikuwa yakinywa maji kama jora lililofuliwa.

"Mafuta!" Kweyu alipiga kelele. "Tumewatoa mafuta ya manyoya!"

Nakhumicha alikuwa ameshaingia bwawani na nguo zake, akiwapandisha ukingoni mmoja mmoja. Wanawake wa chumba cha kupakia walijaa madirishani wakicheka hadi kushikana mabega, na hata yeye, maji kiunoni, angecheka kama wangekuwa bata wa mtu mwingine.

"Mama, hawa wana nini?" Batulo aliuliza.

"Wamechoka, madam," Gachanja alidakia. "Wametoka mbali."

Bata wa mwisho alikuwa akitetemeka kifuani pa Nakhumicha. Macho ya Gachanja yalikuwa yakimkumbusha Jumatatu, na Jumatatu aliitaka, Mungu anajua alivyoitaka. Lakini hasira ilimpanda, na nusu yake ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

"Tumewafua na magadi, madam. Walikuwa buluu. Ni ile mtaro yetu, hapo nyuma ya ukuta."

Batulo alitoka langoni, akautazama mtaro kwa muda mrefu, akarudi akiwa ameinamisha uso.

"Nimeona, mama. Lakini nimetumwa kukagua yaliyo ndani ya ua. Mtaro uko nje. Siruhusiwi kuyaandika ya huko."

Gachanja akashusha pumzi. Nakhumicha alipanda kutoka bwawani, akamkabidhi Kweyu bata, akamwaga povu la beseni na kutoka na beseni tupu langoni, maji yakimchuruzika. Bawabu hakujua amzuie kwa kosa gani. Mashine zilikuwa zimelala tangu jana, lakini tope la mtaro lilikuwa na rangi ya miaka. Akalikoroga kwa mguu, akachota, akarudi na kuliweka beseni miguuni pa Batulo. Maji yalikuwa buluu kama suruali mpya.

"Sasa yako ndani ya ua."

"Wewe, hapa usionekane tena," Gachanja alisema.

"Nimesikia, bosi." Ilimuuma. Hakuomba msamaha.

Batulo alilitazama beseni, kisha akachuchumaa na kufungua chupa. Alipoinua kichwa, Kweyu alikuwa anaingia langoni na ndoo iliyojaa, na nyuma yake wanawake wawili wa chumba cha kupakia, kila mmoja na karai lake.

"Hiyo chupa ikipotea huko ofisini, madam, usijali," Kweyu alisema. "Maji tuko nayo mingi."