Ukuta wa Waliolala Pengine

Jumamosi ya kwanza ya konje yake, likizo ya kazi, mwezi wa saba mwaka 2009, Lucienne alimpigia mumewe shati pasi ya makaa, akafunga mandazi sita katika gazeti, kisha wote wawili wakapanda pikipiki moja kutoka Bigo, mtaa wa Bunia walikofikia, kwenda kuona ukuta wa waliouawa vitani, ulioandikwa jina la baba yake Lucienne.

Lucienne alikuwa muuguzi Kisangani. Vita vilipoingia Bunia, Mei 2003, alikuwa bado anasoma Kisangani, na barua ya mama yake ilimfikia baada ya miezi minne. Ilisema kwamba mama amekimbilia kwa ndugu zake Mahagi, kwamba baba alibaki nyumbani kulinda cherehani, na kwamba tangu hapo hakuna aliyemwona. Mumewe, Rodrigue, mwalimu wa hesabu, hakuwahi kufika Bunia wala popote Ituri. Alikuwa amesema kwamba mtu akioa, lazima siku moja amsalimu baba mkwe, hata kama ni jina tu.

Ukuta ulikuwa wa saruji, umepakwa chokaa, urefu wake kama madarasa mawili yaliyounganishwa. Mlinzi, mzee Kamate mwenye kofia ya sufu, aliwafungulia geti akawauliza wanamtafuta nani.

"Edouard, fundi wa nguo," Lucienne alisema.

"Fundi eko. Alifika mapema. Muende pale kivuli inaanzia."

Wafu walikuwa wameketi chini ya ukuta, kila mmoja chini ya jina lake, kama walivyofanya kila siku kuanzia saa mbili asubuhi. Mwanamke mmoja alikuwa akimsuka binti yake. Wanaume wawili walibishana kuhusu mbuzi aliyepotea mwaka 2001. Walivaa nguo za siku ile ile waliyouawa, kwa hiyo nguo nyingi zilikuwa katika hali mbaya, na wageni walishazoea kuwatazama usoni tu.

Baba yake alikuwa na kiatu kimoja. Alimtazama binti yake.

"Lucienne. Umenenepa, ni muzuri." Kisha akamgeukia Rodrigue. "Huyu ndiye bwana yako?"

"Ndiye, papa."

Mzee akasimama, akamwomba Rodrigue ageuke, akampima mabega kwa shubiri, maana utepe wake wa kupimia ulichukuliwa. Alipima mara mbili.

"Hii koti nani alishona? Bega moja iko juu, ingine iko chini."

"Nilinunua sokoni, papa," Rodrigue alisema.

"Inaonekana."

Walikaa naye mchana kutwa. Hakula, ila alishika andazi moja akalinusa mpaka likapoa. Aliuliza habari za mama, za meno ya mama, za shamba la Mahagi. Lucienne alijibu kila swali. Jua lilipoanza kushuka, yeye naye akauliza.

"Papa, weye unalala hapa?"

"Hapa? Hapa hakuna mutu analala. Hapa ni saruji tu. Tunakuja asubui, tunakaa, batu banasoma majina. Saa kumi na moja Kamate anafunga, kila mutu anarudia pahali bamemuweka."

"Weye unarudia wapi?"

"Kwetu. Mbunya."

Kamate aligonga ringi ya gari iliyoning'inizwa getini. Wafu walisimama, wakajipangusa vumbi, wakatawanyika. Wengine walielekea mtoni, wengine upande wa uwanja wa ndege. Wanawake watatu walifuata njia moja kwa sababu walitupwa pamoja. Lucienne na Rodrigue walimfuata mzee kwa miguu. Njiani watu walimsalimu.

"Muzee fundi, umetoka?"

"Nimetoka."

Nyumba ya Mbunya, mtaa aliokulia Lucienne, ilikuwa na mabati mapya, na mlango uliokuwa wa buluu ulikuwa umepakwa kijani. Mzee hakubisha hodi. Alipita ubavuni, akaenda nyuma, kama mpangaji asiyetaka maneno na mwenye nyumba.

Barazani aliketi Léon. Zamani aliishi upande wa pili wa barabara, na suti yake ya harusi ilishonwa na Edouard. Lucienne alipokuwa mdogo alimwita papa Léon, na hata sasa hakuwa na jina lingine la kumwita. Léon aliinuka, akawaletea viti viwili. Vilikuwa viti vya mama yake Lucienne.

"Papa Léon, papa yangu eko wapi?"

"Eko nyuma. Tulimutia mu choo ya zamani. Tulikuwa batu saba. Miye nilishika mikono." Alimwita mkewe alete maji ya kunywa. "Kisha tulifunga ile choo, tukajenga jikoni juu yake. Siye hatumusumbui, na yeye hatusumbui."

Maji yakaja. Rodrigue alishika kikombe bila kunywa. Lucienne aliona kwamba mikono yake mwenyewe ilikuwa imekamata kiti kwa nguvu, akaiachilia mmoja mmoja.

"Tunaomba tumutoe, tumuzike Mahagi."

"Ukichimba, jikoni inaanguka. Na hii parsele, kiwanja na nyumba, ni yangu, karatasi iko. Tena mambo ya vita tulimaliza. Tulisameheana mbele ya batu bote, siku ya kuanza ukuta. Miye mwenyewe niko mu komite."

"Na fundi alikuwepo siku hiyo?" Rodrigue aliuliza.

Léon alifikiri. "Ukuta haikuwa imejengwa bado. Angekaa wapi?"

Jumatatu Lucienne alikwenda katika biro, ofisi ya komite ya ukuta. Karani mwenye tai alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua orodha, akashusha kidole.

"Edouard, fundi wa nguo. Eko ku ukuta."

"Hayuko ku ukuta. Eko chini ya jikoni ya mutu."

"Mama, kufuatana na karatasi, ukuta ndiyo kaburi yake. Mutu hazikwi mara mbili. Mukimutoa kule, huku tutafuta jina." Alimtazama kwa upole. "Munataka jina ifutwe?"

"Hapana njia ya kupata vyote viwili?"

"Hapana. Na hata kwa kumutoa, lazima mujumbe wa Mbunya atie saini."

Mjumbe wa Mbunya alikuwa Léon.

Lucienne alikwenda moja kwa moja ukutani akamweleza baba yake. Mzee alisikiliza huku akimwangalia mwanaume aliyeketi peke yake kando ya geti, nje ya mstari. Huyo hakuwa na jina ukutani kwa sababu jamaa zake wote walikufa pamoja naye, na hakubaki mtu wa kumwandikisha.

"Usifutishe jina," mzee alisema. "Batoto yako bakizaliwa, bakuje basome."

"Na weye ubaki pale?"

"Nimezoea. Shida ni moto tu."

"Moto gani?"

"Ya jikoni. Banapikia hapa." Akaweka kiganja kifuani. "Asubui chai, mangaribi fufu. Maaragi ndiyo mbaya, inakawia kuiva."

Lucienne aliketi kando yake mpaka Kamate akagonga ringi.

Kesho yake, jioni ya mwisho kabla ya basi la Kisangani, alirudi Mbunya peke yake. Léon alikuwa barazani akisikiliza redio. Lucienne alimpita bila kusimama, akaenda nyuma. Mkewe Léon, Geneviève, alikuwa ameinama juu ya sufuria ya maji. Lucienne alimweleza jambo la moto. Geneviève akaweka mwiko chini.

"Hakusema hata siku moja," alisema. "Miye ninamusikia anakohoa, nikafikiri ni baridi ya udongo."

Wakaepua sufuria. Wakachota makaa kwa kipande cha bati, kisha wakayasukuma mafiga matatu kwa vitambaa vilivyoloweshwa, hatua moja kuelekea mlangoni. Jiwe la mwisho lilimuunguza Geneviève kidole. Walipokwisha kurudisha moto na sufuria, Lucienne alipiga magoti, akaweka sikio sakafuni.

"Papa, sasa?"

"Sasa iko ku magoti."

"Tusukume tena," Lucienne alisema.

"Mlango ndiyo huu," Geneviève alijibu. "Tukipita hapa tutapikia mu mvua, na yeye Léon hatakubali."

Kutoka barazani Léon aliuliza kama fufu bado. Geneviève alisema iko karibu. Akamimina unga, akaanza kusonga, na Lucienne akamshikia sufuria kwa vitambaa viwili, ili chakula kiive upesi na moto uzimwe.