Sakafu ya Mama Mihayo

Kampuni ya dhahabu ililibomoa kanisa la udongo la Geita kwa siku moja tu, ikang'oa mpaka nguzo. Ikabaki sakafu. Kwa miaka tisa, kila Jumamosi, Mama Mihayo ndiye aliyeisiriba kwa mavi ya ng'ombe. Jumamosi iliyofuata alifika na chungu chake kama kawaida, akapiga magoti juani, akaanzia pale ilipokuwa altare. Wamebomoa wao, yeye nani kamwambia kazi yake imekwisha?

Msimamizi wa machimbo, Mzungu mmoja mwenye kaptura nyeupe, akaja mbio akikanyaga sakafu mbichi.

"Mama, unasiriba nini? Kanisa halipo!"

"Utalijulia wapi, Bwana, nawe hukuwahi kuingia?" alijibu bila kuinua kichwa. "Kesho tunasali hapa. Unaniharibia sakafu."

Mzungu akasonya, akageuka aondoke. Mama Mihayo akainuka, mikono imejaa mavi mpaka viwikoni, akamzibia njia.

"Hapo ni ukuta, Bwana. Mlango uko huku."

Mzungu akaitazama mikono ile. Akaitazama kaptura yake.

Akapitia mlangoni.