Zamu ya Henia

Jumatano asubuhi Mbarka alipofika chekechea na binti yake mgongoni, alimkuta Henia jikoni akikata vitunguu vya supu. Jiko la gesi lilikuwa limeshawashwa, na mkate wa watoto umefunikwa kitambaa kwa sababu ya nzi. Henia alikuwa amezikwa siku chache tu zilizopita.

"Umeamkaje, Henia?"

"Salama. Chumvi imekwisha."

"Nitaomba kwa Monjia."

"Ya Monjia ina mchanga. Nenda kwa mama mkwe wangu. Na umwambie asimvalishe Yusra soksi za rangi mbili, watu watasema mtoto hana mama."

Mbarka alimtua mwanawe akaenda kutafuta chumvi. Jumatano ilikuwa zamu ya Henia tangu chekechea ilipoanza, na hakuna aliyekuwa ameikabidhi kwa mtu mwingine.

Chekechea yenyewe haikuletwa na serikali wala mfadhili. Huko kwenye tambarare za katikati ya Tunisia wanawake ndio wachumaji, wa pilipili, wa lozi, wa zeituni. Pikapu huwachukua alfajiri na kuwarudisha jua likipunga. Mtoto mwenye bibi alibaki na bibi. Asiye na bibi alifungwa kamba kwenye mguu wa kitanda. Siku moja mtoto wa Monjia alijifungua kamba, akatumbukiza mkono kwenye sufuria ya maji ya moto. Monjia aliwaita wenzake kwenye kinu cha zamani cha kukamulia zeituni, kilichoachwa miaka mingi, akasimama mlangoni.

"Mkono wa mwanangu umeshaungua," alisema. "Unaofuata ni wa nani?"

Ushirika ukazaliwa hapo. Kila mama angeacha shamba siku yake ya zamu, awalinde watoto wa wote. Walipaka kuta chokaa. Jiwe la kusagia liliwashinda kulitoa, wakaliacha katikati ya chumba, na kizazi kizima cha watoto kikajifunza kutembea kwa kulishika na kulizunguka. Waume walicheka kwanza, wakapaita Bunge la Maziwa. Mvua zilipoanza, walipanda wenyewe kuziba paa.

Zamu ya Mbarka ilikuwa Jumanne. Ndiyo maana, Jumanne ile pikapu ilipoacha njia kwenye mteremko wa daraja, yeye alikuwa sakafuni akiwafundisha watoto kuhesabu kwa kokwa za zeituni. Wenzake walikuwa wamesimama nyuma ya pikapu, wamebanana kama njiti kwenye kiberiti. Ridha, dereva, humwaga maji kwenye bodi kila asubuhi ili asikae mtu, maana anayekaa hula nafasi ya wawili. Henia alifia palepale, na Warda, na Zina aliyeolewa mwaka juzi.

Henia alipokuja Jumatano, Warda naye alikuja Alhamisi yake, na Zina Jumamosi. Walifanya kazi vizuri. Hawakula, na hawakukaa hata walipoletewa viti. Viatu vyao vilikuwa na maji, vikiacha nyayo sakafuni siku nzima, na havikukauka hata jua la mchana lilipoingia dirishani. Yusra alilala usingizi wa mchana kichwa chake kikiwa juu ya viatu vya mama yake, akaamka na nywele mbichi. Jioni Henia aliwakabidhi watoto kwa wenyewe, akapita kwenye mipungate yenye miiba kurudi makaburini, na Yusra akaondoka na bibi yake. Mwanzoni alilia. Baadaye alizoea, kama watoto wote wa wachumaji wanavyozoea.

Mkaguzi alifika kutoka mjini, bwana mmoja mwenye mafua. Alipima madirisha, akanusa supu, akamtaka mpishi cheti cha afya.

"Cha afya hana," alisema Monjia. "Cha kifo anacho."

"Kina muhuri?"

"Kina."

Alikitazama mbele na nyuma, akaridhika. Alilalamika tu kwamba hapakuwa na ndoo ya mchanga ya kuzimia moto.

Siku moja wakiosha vikombe, Mbarka aliuliza lile ambalo lilikuwa limemkaa kooni. "Ilikuwaje, Henia?"

"Breki. Zilikufa tangu msimu wa lozi. Ridha alimwambia Haji Lamine mbele yetu sote. Haji akasema zeituni hazingoji."

Haji Lamine ndiye mwenye shamba, na pikapu ni yake. Mbarka aliweka kikombe chini. Alimwomba Monjia awashike watoto, akamshika Henia mkono, na mkono ulikuwa baridi kama mtungi, wakaenda kituo cha polisi. Askari alimkaribisha Henia kiti. Henia akashukuru, akabaki wima. Alieleza yote, jina kwa jina. Askari alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Dada zangu," alisema, "sikatai. Lakini marehemu hawezi kuwa shahidi wa kifo chake mwenyewe. Ana upande."

"Sasa nani aliona kuliko yeye?" aliuliza Mbarka.

"Nileteeni aliye hai."

Mbarka alipita nyumba kwa nyumba kwa wale walionusurika. Walimkaribisha chai, wakamuuliza hali ya mtoto, wakatazama chini. Zeituni zilikuwa bado mitini. "Tuna watoto, Mbarka," alisema mmoja wao. Mbarka alimaliza chai yake. Yeye pia alikuwa na mtoto.

Habari za zamu zilimfikia Haji Lamine. Alikuja mwenyewe shambani na fimbo yake, akasimama kwenye kivuli cha mzeituni.

"Nasikia Jumatano, Alhamisi na Jumamosi mna walezi wasiolala wala kuugua," alisema. "Mungu amewafungulia. Basi siku hizo simtaki hata mmoja abaki nyumbani."

"Wale ni wafu wetu, Haji," alisema Mbarka. "Hatukuwaajiri kwako."

"Nimesema wafu ni wa kwangu? Nimesema nyinyi."

Mbarka alimweleza Henia, akidhani atakasirika, akidhani pengine ataacha kuja. Henia aliendelea kumchana Yusra.

"Nisipokuja, nani atawapikia?" alisema.

Ridha alivunjika mkono kwenye ile ajali, ukapona. Haji alinunua pikapu nyingine, ndefu kuliko ya kwanza, nayo ilikuwa imeshatumika na wengine. Asubuhi moja ya baridi iliteremka kuelekea daraja ikipiga kelele upande wa magurudumu, na wanawake wakashikana mabega.

"Mbarka," alisema Monjia, "wewe ikitokea, utashika siku gani?"

"Jumanne. Nimeizoea."

"Mimi basi niachieni Jumatatu. Ijumaa siitaki, Ijumaa ni kupika couscous, kazi tupu."

Kisha mwanamke mmoja aliyeanza kazi wiki hiyo, ambaye wengi walikuwa hawajajua jina lake, akasema kutoka nyuma:

"Mimi mgeni. Nipeni hiyo iliyobaki."