Panya Waliotolewa kwenye Hesabu

Kila mwaka kabla ya mvua, maabara ya wanyama ya chuo kikuu pale Khon Kaen huwafanyia panya wake ibada ya thawabu. Watawa wa Kibudha huja asubuhi, huketi jukwaani, hulishwa wali wa kunata na samaki wa kuchoma, kisha husoma dua. Wakati wakisoma, mkuu wa utafiti humimina maji bakulini polepole, na thawabu huwaendea panya waliokufa kwa ajili ya sayansi. Mwaka ule mmiminaji alikuwa Mwalimu Wichian, bwana wa suti ya kijivu na maneno matamu, mwenye dawa mpya ya saratani ya matiti.

Dawa ilikuwa imenyausha uvimbe wa panya wake, hilo ni kweli. Ila panya wengine damu yao ilifurika saitokini, zile protini ambazo mwili huzitoa kuamsha kinga. Zikizidi, kinga humgeukia mwenyewe. Panya hao walipata homa, wakajikunyata, wakafa. Mwalimu Wichian alisema wameuawa na kiyoyozi kibovu, akawatoa kwenye hesabu. Kiyoyozi chenyewe kizima, kinavuma hadi leo.

Basi alipomimina maji, alitamka waziwazi kwamba thawabu ni za panya waliomo kwenye hesabu. Angewataja wale wengine, si angekuwa amekiri kwamba walikuwapo? Mtu huyu alikuwa bahili hata kwa marehemu.

Ndipo wale wengine wakaingia. Walipita mlangoni kwa mstari, weupe, macho mekundu, kila mmoja akitoa joto kama pasi ya mkaa, wakaketi nyuma ya wageni. Mkuu wa kitivo akalegeza tai. Mhudumu akaleta feni, akaielekeza kwao.

Mtawa mkuu akauliza hawa ni wa nani.

"Si wetu, Baba," akajibu Mwalimu. "Hawa wametolewa."

Mtawa akasema hata hivyo wana homa, akaendelea na dua.

Damu ya panya hao ilikuwa imepimwa na Orathai, msaidizi wa Mwalimu. Dada yake, Lamduan, muuza ndizi za kukaanga, alikuwa na saratani ya titi, na Jumatatu angekuwa mgonjwa wa kwanza kutundikiwa dripu ya dawa ile. Ibada ilipokwisha, Orathai alimfuata Mwalimu barazani, akamweka mmoja wa panya wale kiganjani mwake. Mwalimu akawa anamhamisha mkono huu, mkono ule, kama mhogo uliotoka chunguni.

"Mwalimu, dada yangu anaanza Jumatatu. Tusimamishe kwanza."

"Dada yako si panya, Orathai."

"Mbona walipopona ulisema ni sawa na binadamu?"

"Waliopona, ndiyo."

Kumbe! Panya akipona ni mtu, akifa ni panya. Na huyu ndiye wanayempigia makofi Bangkok mpaka viganja viwake.

Jioni Orathai alimsihi dada yake asiende. Lamduan aligeuza ndizi zake kwenye mafuta, akasema Mwalimu hununua pale, humsalimia kwa kukutanisha viganja na kuinama, na mtu mwenye adabu hivyo hawezi kudanganya.

"We mdogo wangu umesoma," akasema, "lakini aliyekusomesha ni yeye."

Uvimbe ulinywea. Homa ilimshika Jumatano, na wiki haikuisha akafa. Siku ya kuchoma maiti Mwalimu alikuja na shada kubwa kuliko yote, lenye jina lake mwenyewe, akawaambia ndugu kwamba marehemu alikuwa na mafua tangu awali. Kisha akamtoa kwenye hesabu.

Mwaka uliofuata ibada ilifanyika katika ukumbi mpya, uliojengwa kwa sifa za dawa ile. Lamduan aliingia pamoja na panya. Mhudumu alimwuliza kwa heshima kama yumo kwenye hesabu, maana viti vya mbele vilikuwa vya waliomo. Akasema hayumo. Akapewa mkeka nyuma.

Orathai alikwenda kuketi kando yake, akanyoosha mkono.

"Usinishike, utaungua," akasema Lamduan. "Nipepee tu."

Orathai akampepea mpaka dua zikaisha. Kisha akainuka akarudi maabara, kwa sababu wagonjwa wapya walikuwa wameshapanga foleni kutolewa damu.